Mkono wa Mwajuma

Mwajuma tulimzika kwao Kabonga, Alhamisi moja ya mvua, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walipoondoka na jeneza kuelekea makaburini, sisi wanawake tulibaki uani kwa dada yake, tumekaa kwenye mikeka chini ya turubai, maharage yakichemka ndani ya sufuria kubwa na harufu ya ndagala ikitujia kutoka kwa jirani aliyekuwa anaanika samaki wake. Karibu yangu alikuwa binti mmoja, mke wa mpwa wa marehemu, anachambua mchele kwenye ungo. Akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, ni kweli bibi alizaliwa vile, na mukono moja?" Nikamwuliza nani kamwambia hivyo. "Hapa nyumbani sisi wote tunajuaka hivyo," akasema, na wenzake wawili waliokuwa wakisikiliza wakaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimekuja kumlilia rafiki niliyemjua zaidi ya miaka ishirini, na nikagundua kwamba watoto na wakwe waliomfulia nguo na kumpikia uji hawakuwahi kuambiwa kilichompata. Alikuwa amekaa kimya, na mimi pia, kila mmoja kwa sababu yake.

Yake siijui vizuri. Yangu naijua, ndiyo maana naiandika sura hii. Habari za nilikozaliwa na za wazazi wangu nimeziweka mahali pengine. Hapa nataka mwaka mmoja tu, ule wa kwanza baada ya kurudi kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, Tanzania, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na moja, nina cheti cha sekondari cha Kiswahili ambacho hakuna ofisi ya Burundi iliyojua ikifanyie nini, Kirundi changu kikiwa cha jikoni, na Kifaransa sina kabisa. Leo nafundisha Kiswahili katika shule moja hapa Rumonge, na wanafunzi wangu hucheka ninapowaambia kuwa zamani lugha hii iliwahi kunitia aibu. Lakini aibu ninayotaka kuisimulia ilitokana na lugha ile nyingine, ile ambayo sikuijua.

Nilikutana na Mwajuma kwa sababu ya chumba. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, mtaa wa Waswahili, chumba kimoja cha bati chenye ukuta uliopakwa buluu hadi kiunoni na juu kuachwa udongo mtupu. Kodi ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja, na yeye alitafuta mwenzake. Alikuwa amenizidi miaka saba au minane, mtu wa Kabonga, mume wake kavuka kwenda Uvira, Kongo, na hajarudi, na alitaka nimwite yaya Mwajuma. Kule kambini yaya ni mtumishi anayelea watoto, kwa hiyo siku za kwanza neno lilinikwama kooni, mpaka akanieleza kuwa huku yaya ni dada mkubwa, tena wa kuheshimiwa. "Wewe unasemaka kama redio," aliniambia. "Hapa hatuna redio, sema polepole." Alipika vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye: ubugali wa muhogo laini, mboga ya lengalenga kwenye mawese mapya, samaki wa mukeke wa kuchoma siku za mshahara. Tulikula kutoka sinia moja, tumekaa juu ya mkeka wake, mlango wazi ili tupate upepo wa ziwani, na kupitia ukuta tulimsikia fundi akigombana na mke wake kuhusu nguo za wateja zilizochelewa. Mwajuma alikuwa akiwajibu kwa sauti ndogo, upande wa mume kisha upande wa mke, mpaka nikacheka nikapaliwa.

Ni yeye aliyenipeleka kwenye kazi. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mawese nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Minago, mali ya Bwana Sirili, ambaye sote tulimwita Patro, yaani bosi. Msifikirie kiwanda kikubwa. Lilikuwa banda refu la mabati lililojaa moshi: upande mmoja mapipa ya kuchemshia chikichi, katikati mashine ya kuponda, upande mwingine mapipa ya kupikia mafuta. Mashine ilikuwa na mdomo mpana juu, na ndani yake chuma kirefu kilichojizungusha kama parafujo, kikivuta chikichi na kuziponda. Injini ya mazutu, yaani dizeli, iliyoizungusha ilikuwa nyuma ya ukuta, kwenye kijumba chake chenye mlango wa mbao, na mkanda ulipita kwenye tundu la ukuta. Patro alihitaji mtu wa kuandika majina ya wafanyakazi kila asubuhi. Nilikuwa rahisi, na karibu wote pale walisema Kiswahili. Nilikuwa na madaftari yangu ya shule. Asubuhi niliandika humo haraka haraka nani kaja, nani kachelewa, mashine imesimama kwa nini, na jioni nikahamishia majina peke yake kwenye kitabu kikubwa cha Patro.

Siku moja wakati wa msimu, chikichi zilipofurika, nilikuwa nimekaa nyuma ya madebe nikipiga mistari kwenye ukurasa, nikasikia Patro akizungumza na Fideli, fundi wa mashine. Hawakuniona. Mdomo wa mashine ulikuwa na mfuniko wa chuma wenye tundu dogo la kupitishia chikichi, na kila zilipokwama ilibidi Fideli afungue boliti nne. "Huo mufuniko unatuchelewesha," Patro akasema. "Toa." Fideli akajibu, "Patro, wale wamama wanaoilisha watakatika mikono." Patro hakukasirika. Alisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo, "Wako na macho." Fideli akatoa mfuniko. Kazi ilisimama kama saa nzima, na mimi, kwa kuwa nilitakiwa kueleza kila kazi iliposimama, niliandika: mashine imesimama, Fideli anatoa mfuniko kwa amri ya Patro. Sikuwaza lolote zaidi. Baada ya siku chache Mwajuma, aliyekuwa mmoja wa wale waliolisha mashine, alimwendea Patro mbele yetu akamwambia kuwa wanaogopa. Nikaandika na hilo, kwa sababu mazungumzo yale yalikula robo saa. Wiki ile ile mtu aliiba mazutu, na Patro akafunga kijumba cha injini kwa kufuli. Ufunguo aliuweka mfukoni mwake. Asubuhi alimfungulia Fideli awashe injini, akafunga tena, na jioni akamfungulia aizime.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua zuri. Patro alikuwa ameenda sokoni. Mwajuma alisimama kwenye ubao mbele ya mdomo wa mashine, anasukuma chikichi kwa mwiko mrefu wa mti, anawasimulia wenzake habari za fundi cherehani na mke wake. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka hapo. Mwiko ulivunjika. Nilisikia ule mlio wa mti kuvunjika, kisha sauti ya mashine ikawa nzito, kama inavyokuwa inapopata kikonyo kibichi. Nilitazama juu nikamwona ameinama vibaya, mkono wa kulia umo ndani, bega limegusa chuma. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonishangaza na linanishangaza mpaka leo. Alinitazama akasema, "Espe, zima." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuniambia nilete chumvi. "Espe, zima mashine."

Nilikimbia kuzunguka ukuta. Nilifika kwenye mlango nikaona kufuli. Nilishika kufuli lile nikalivuta kwa mikono miwili kama mwendawazimu, na nyuma ya mbao nilisikia injini ikinguruma bila wasiwasi wowote. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba katika hatari akili huwa nyepesi. Yangu iliganda. Fideli alikuja na nondo, akanisukuma, akapiga mara ya kwanza, ya pili, sijui mara ngapi, mpaka komeo likang'oka pamoja na kipande cha mlango, akaingia akakata mazutu. Injini haikufa mara moja. Iliendelea kuzunguka, ikipungua, ikipungua. Tuliporudi ndani wanawake wawili walikuwa wamemshika Mwajuma kiunoni, na bado alikuwa amesimama.

Tulimnasua, tukampakia kwenye gari la mchuuzi wa samaki, juu ya makreti matupu, akapelekwa hospitali ya hapa, na kabla ya jioni wakamhamishia Bujumbura. Mimi Fideli alinizuia nisiende, akasema lazima awepo mtu wa kumweleza Patro. Patro alirudi karibu na saa sita. Alipita kwanza nyuma, na neno lake la kwanza kwetu lilikuwa, "Nani alivunja mulango yangu?" Nataka kumtendea haki: alikuwa hajaambiwa. Alipoambiwa alivua kofia, akakaa juu ya debe, akatuomba tusimame tusali, na sala yake ilikuwa nzuri, hata mimi nililia. Halafu akauliza mashine imeharibika wapi. Fideli akasema haijaharibika. Wakaleta maji, wakaosha, na saa nane injini ikawashwa tena, na mwanamke mwingine akapanda juu ya ule ubao. Mafuta ya asubuhi ile hayakumwagwa. Niliyaona yakichemshwa pamoja na mengine. Tulitazamana tu, kisha kila mtu akatazama kazi yake.

Mkono wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko. Nilipomwona mara ya kwanza hospitali, wodi ya wanawake ghorofa ya chini, vitanda vimebanana hata wagonjwa walipokezana vikombe bila kunyanyuka, alikuwa amefunikwa shuka mpaka shingoni, na mama yake amekaa sakafuni na termosi. Alinisalimia, akauliza habari za chumba, akauliza kama nimelipa maji. Kisha akasema, "Vidole vinaniwasha, Espe. Vile havipo." Niliporudi Rumonge nilikaa chumbani nikashindwa kupika siku mbili.

Siku ya tatu Patro aliniita nyumbani kwake. Sikuwa nimewahi kuingia sebuleni kwake. Kulikuwa na makochi makubwa yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo nadhani havikutumiwa kamwe, na pazia zito lililofanya mchana uwe kama jioni. Mke wake alileta chai ya maziwa na mandazi ya moto, akanikaribisha kwa jina langu lote, Esperansi. Patro akasema amesikitika sana, hajalala. Akasema Mwajuma atalipwa na asiransi, yaani bima, lakini asiransi wanataka karatasi, na karatasi inataka shahidi anayejua kuandika. "Wewe uliona, siyo?" Nikasema niliona. "Basi hii inasema kama uliona. Sinye hapa." Ilikuwa ukurasa mmoja uliopigwa taipu kwa Kifaransa. Niliutazama. Niliona jina la Mwajuma, niliona jina langu, na baina ya majina hayo mawili niliona neno moja nililolijua, kwa sababu hapa Rumonge hata asiyejua Kifaransa husema anaenda vizite kwa fulani, yaani kumtembelea. Neno lilikuwa vizite. Nilijiuliza kwa nini kuna vizite katika habari ya mashine. Nilijiuliza kwa muda wa kumeza funda moja la chai. Kisha nikaona aibu kuuliza, mimi mkimbizi niliyerudi, mbele ya mwanamume aliyenipa kazi na mwanamke aliyenimiminia chai, na nikatia sahihi. Patro akanishukuru, "Murakoze, mwanangu."

Mwajuma aliporudi kutoka hospitali Patro alimletea mfuko wa mchele na mananasi mawili, akakaa nasi mlangoni nusu saa. Hakuja tena. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Kila alipokwenda kiwandani kuuliza, aliambiwa asiransi hawajajibu. Mwisho muuguzi mmoja alimwambia kuwa iko ofisi ya kazi Bujumbura inayoshughulikia watu walioumia kazini, na inspekteri ni mama mwenye kusikiliza. Tukaenda wote wawili, mimi nikiwa msindikizaji. Inspekteri alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba, meza yake imejaa mafaili hata hapakuwa na mahali pa kuweka mkono. Alimsikiliza Mwajuma bila kumkatiza, akatoka, akarudi na faili. Akasoma kimya. Nikaona uso wake unabadilika. "Mama," akasema kwa Kiswahili cha Bujumbura, "ulikuwa mufanyakazi wa pale?" Mwajuma akasema ana miaka minne pale. Inspekteri akamsomea, akitafsiri sentensi moja moja: kwamba mtu huyu si mfanyakazi wa kiwanda, kwamba siku hiyo alikuja kumtembelea rafiki yake aishiye naye, kwamba kwa kucheza alipanda juu ya mashine bila ruhusa, kwamba rafiki huyo mwenyewe anathibitisha. Akasoma jina la rafiki. Akauliza kama tunamfahamu.

Mwajuma aligeuka kunitazama. Sikuona hasira. Ningeona hasira ningepumua. Alinitazama kama mtu aliyeingia chumba asichokijua. "Espe," akasema, "mimi nilikuja kukusalimia?"

Kabla sijajikusanya, inspekteri alitoa karatasi nyingine, orodha ya waliosajiliwa bima kutoka kiwanda kile. Tulikuwa watu wapatao arobaini, na kila mwisho wa mwezi sote tulikatwa kitu kilichoitwa asiransi; nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Kwenye orodha kulikuwa na majina mawili tu, la mke wa Patro na la shemeji yake, ambaye sijawahi kumwona akikanyaga pale. Inspekteri alivua miwani akaiweka juu ya mafaili. Hata yeye, aliyezoea kuona mambo haya kila siku, alikuwa ameshtuka. Tulipotoka nje Mwajuma alitembea mbele yangu mpaka kituo cha mabasi, akapanda gari la Nyanza-Lac, lile linalopitia Rumonge, na nilipotaka kupanda akaniambia, "Panda lingine." Nilifika Rumonge nikakuta chumba kimebaki na vitu vyangu. Mkeka alikuwa ameuchukua.

Nilibaki siku kadhaa nikienda kazini kama kawaida, naandika majina kama kawaida, na Patro ananisalimia kama kawaida. Nilikuwa nikimtazama nikijaribu kuona mahali uongo ulipokaa usoni pake, na sikupaona. Nilikuwa bado na madaftari yangu. Nilikaa sakafuni, pale palipokuwa na mkeka, nikasoma kurasa zote, na nikaikuta siku ya mfuniko, siku aliyolalamika Mwajuma, na jina lake asubuhi baada ya asubuhi, kwa mwandiko wangu. Nilimwendea Fideli. Alikuwa na watoto watano. Aliniambia, "Espe, mimi nilitoa mufuniko kwa mikono hii. Nikisema, watanifunga mimi." Huenda alisema kweli. Lakini mwisho wa mwezi ule, tulipopanga mstari wa mshahara, Fideli alikuta amekatwa gharama ya kufuli na ya ukarabati wa mlango. Alihesabu, akauliza kwa heshima kuna kosa gani, akaambiwa hakuna kosa, aliyevunja ndiye anayelipa. Nilikuwa nyuma yake. Niliona shingo yake ikisimama. Alizikunja noti akaziweka mfukoni, akaja kunisubiri barabarani. "Lini unaenda kule kwa yule mama?" akauliza.

Kwanza nilienda Kabonga. Niliona kuwa sina haki ya kulipeleka jambo la Mwajuma mbele bila yeye. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anaufundisha mkono wa kushoto kufua. Anakanyaga ncha ya nguo kwa mguu na kuikamua kwa kuizungusha. Hakuniambia nikae. Nilimweleza habari za daftari na za Fideli. Kisha nikamwambia lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba sikujua Kifaransa, ni kweli, lakini niliona neno vizite, na nilijua si mahali pake, na sikuuliza. Aliendelea kukamua. Maji yalimaliza kutiririka ndipo aliposema, "Kama ni vile, ukaseme vile mbele yao. Usinibakizie mimi peke yangu." Nikasema nitasema. Akasema, "Haya. Pita kwa mama umusalimie."

Inspekteri alipopokea daftari alinionya kwamba nimesaini uongo, na Patro anaweza kunigeuzia kesi. Nikasema najua. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kiwandani na kijana wake wa ofisini. Sijui nani alimtonya Patro, lakini tulifika asubuhi tukakuta mfuniko umerudishwa juu ya mdomo wa mashine, mzuri, wa kijani, boliti zinang'aa, na kijumba cha injini hakina kufuli. Patro alimtembeza, akimwonyesha kila kitu. "Mufuniko iko siku zote, Madamu. Wanawake wenyewe ndio wabishi." Inspekteri hakubishana. Aliweka kiganja juu ya mfuniko, kama mtu anayepapasa ng'ombe, akakiondoa, na kikawa cha kijani. Rangi ilikuwa haijakauka. Alikitazama kiganja chake, akatutazama sisi tuliosimama kwenye mstari, kisha akamwomba Patro kitambaa. Patro alitoa leso yake mwenyewe akampa. Sikumwona Patro akikosa maneno kabla ya siku ile wala baada yake. Jioni ile mimi na Fideli tulifukuzwa kazi.

Mahakama ya kazi, inspekteri alikolipeleka shauri letu, ilikuwa chumba kidogo kuliko nilivyodhani, mabenchi ya mbao na feni isiyozunguka. Patro alinikuta mlangoni akanisalimia, "Amahoro, mwanangu," akanipa mkono, na mimi, kwa mazoea, nikaupokea. Niliketi nikiutazama mkono wangu kama si wangu. Fideli alisema yake, hakuficha kuwa ni yeye aliyefungua boliti. Nilipoitwa, wakili wa Patro alinyanyua daftari langu la shule kwa vidole viwili. Akasema nimekiri kwamba nilitia sahihi karatasi nisiyoielewa. Kwa nini basi waamini kwamba daftari hili nalielewa? "Kwa sababu hili niliandika mwenyewe," nikasema. Hakimu akaniuliza kama kweli sikuelewa chochote katika ile karatasi. Ningeweza kusema ndiyo. Kila mtu pale alikuwa tayari kuniamini. Nikasema kulikuwa na neno moja nililolielewa, na nikalitaja, na nikasema nilinyamaza kwa sababu ya chai na kwa sababu ya woga. Sikuthubutu kumtazama Mwajuma.

Patro aliamriwa amlipe Mwajuma kwa fedha zake mwenyewe, kwa kuwa bima haikuwahi kumjua mwanamke huyo, na aandikishe kila mfanyakazi. Nisimalizie hadithi kwa utamu isiokuwa nao: alilipa mara nne, kisha akauza kiwanda kwa mtu mwingine, akahamia kwa watoto wake mbali, na sehemu kubwa ya haki ile haikufika Kabonga kamwe. Kwa kile kilichofika Mwajuma alianza kununua ndagala kwa wavuvi na kuwauzia wachuuzi wa Rumonge, akaishi kwa hilo mpaka kufa kwake. Fideli alipata kazi ya kutengeneza pikipiki Minago. Kesi yangu ya kusaini uongo haikuitwa, wala sikuambiwa kwa nini. Lakini hayo yote yalikuja baadaye, na siku ile ya hukumu hatukuyajua. Tulitoka nje mchana, Fideli akaenda kutafuta basi, tukabaki wawili juani.

Mwajuma akasema ana njaa. Tuliingia mgahawa mmoja karibu na kituo, meza zimefunikwa plastiki ya maua, wanaume wa ofisini wamejaa, tai zao wamezitupia mabegani zisiingie kwenye mchuzi. Tukaagiza ubugali na samaki. Msichana akaleta beseni ya kunawia, akamimina maji, kisha akaona, akasita, akaniangalia mimi. Hapo nikakumbuka kwamba tangu aumie sikuwahi kumwona Mwajuma akila. Hospitali, chumbani, Kabonga, kila mara alikuwa ameshakula, au atakula baadaye, au amefunga. Alikuwa amelelewa kwamba mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia, na shehe wa kwao alikuwa amemwambia Mungu anajua na hana lawama, lakini mama yake peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumwona. Sasa Mwajuma alinyoosha mkono wa kushoto juu ya beseni. Msichana akaumiminia maji. Mwajuma akakata tonge, likavunjika, akakata jingine, akalichovya. Mezani kwa jirani mwanamume mmoja aliacha kutafuna akamtazama. Alimwacha atazame, akameza, kisha akaondoa kichwa cha samaki kwa vidole vile vile akakiweka upande wangu wa sahani, akasema, "Kula, Espe. Gari zinajaa."